Mbao, Chumvi na Udongo wa Mawe: Tuliyojifunza Unguja

Droo ikigoma kufunguka mwezi wa Aprili, usiipige randa. Hilo ndilo la kwanza ambalo mimi na mume wangu humwambia mgeni mwenzetu aliyehamia Unguja na kununua kabati kuukuu; ya bustani huja baadaye. Masika hewa imejaa maji. Ubao unayanywa na kuvimba kwa upana, si kwa urefu. Ubao wa msaji wenye upana wa sentimita 30 unaweza kuongezeka milimita 2 au zaidi kati ya kiangazi na mvua, na wa mwembe huzidi hapo. Fundi mwenye haraka atazikwangua hizo milimita, droo itateleza, utamlipa na kumshukuru. Ikifika Januari kaskazi inavuma, ubao umenywea, na droo inacheza huku na huku ndani ya nafasi yake. Kilichokwisha kurandwa hakirudi.

Dawa ya masika ni mshumaa. Toa droo, sugua mshumaa kwenye kingo za chini na kwenye reli inamopita, rudisha, kisha ngoja kipupwe. Kama Julai bado inakwama, hapo tafuta inapogusa: paka chaki kingo zote, ingiza droo na kuitoa mara kadhaa, angalia chaki ilipofutika. Randa hapo tu, utepe mmoja mwembamba, jaribu, kisha mwingine.

Samani zilizokuja kwa kontena kutoka nchi za baridi zina taabu zaidi. Kule nyumba hupashwa moto miezi mingi, na ubao hukauka hadi unyevu wa asilimia 6 au 8. Hapa, ndani ya nyumba yenye madirisha wazi, hutulia kwenye asilimia 14 au kuzidi. Tofauti hiyo yaweza kuutanua ubao wa sentimita 30 kwa nusu sentimita nzima. Tazama mlango wa kabati wenye fremu na ubao wa kati. Ubao wa kati ukiwa umegandishwa kwa gundi kwenye mfereji wake, utaisukuma fremu mpaka ndimi (ncha zinazoingia kwenye matundu ya viungo) zichomoke. Kata ile gundi kwa kisu chembamba kuzunguka mfereji wote, na ubao uachwe huru ndani. Ukitengeneza mpya, kata ubao wa kati pungufu kwa milimita 2 au 3 kila upande, usitie gundi hata tone.

Kinyume chake ni kiyoyozi. Samadari (kitanda cha kifahari cha mbao) iliyokaa miaka mingi kwenye chumba cha Mji Mkongwe chenye kuta nene za mawe, ikihamishiwa kwenye chumba cha kiyoyozi, hupasuka vibao vyake vya kichwani katika wiki chache. Kwa maoni yetu mtu achague moja, kiyoyozi au samadari. Kama hana budi, basi kiyoyozi kiwashwe kwa kiasi na kwa ratiba ileile kila siku, maana kinachouvunja ubao zaidi ni kupanda na kushuka kwa ghafla.

Unaponunua, kipindue kitu chini juu kabla ya kuuliza bei. Juu huwa kumepigwa vanishi mpya, ukweli uko chini na nyuma. Kwenye sanduku la njumu (vipambo vya shaba vilivyopigiliwa) angalia ubao wa chini: umevimba? Una alama za msumeno wa mashine? Skrubu ni za chuma kipya zilizopakwa rangi ya viatu? Pitisha sumaku kwenye njumu. Shaba haishiki sumaku, na zikishika zote basi ni bati lililopakwa rangi. Masanduku mengi ya zamani yaliletwa kwa jahazi kutoka India na Ghuba, na mafundi wa hapa wanatengeneza mpya hadi leo. Sanduku jipya lililoundwa vizuri si aibu hata kidogo. Aibu ni kuuziwa kwa bei ya la kale.

Gonga miguu na kona kwa kifundo cha kidole. Sauti ya debe tupu ni mchwa. Kisha tafuta unga. Chini ya matundu ya milimita 1 au 2 ukikuta unga laini mithili ya ngano, huyo ni bungua. Ukikuta chembe ngumu za ukubwa wa mbegu za mchicha, huyo ni mchwa wa mbao kavu, anayeishi humohumo ndani ya ubao bila kuhitaji udongo. Yule mwingine, mchwa wa ardhini, hujenga njia za udongo kutoka sakafuni au ukutani. Kila mmoja ana dawa yake, na wauzaji wengi watakuambia ni yuleyule.

Bungua anastahili maneno zaidi, kwa sababu watu hupoteza fedha nyingi kwake bure. Tundu unaloliona ni mlango wa kutokea. Mdudu alikula ndani kwa miezi, amegeuka mbawakawa, ametoboa na kuondoka. Kupiga dawa kwa sindano kwenye matundu ya zamani ni kufunga mlango baada ya mgeni kuaga. Cha kujua kwanza ni kama wamo wengine bado. Fagia unga wote, ziba matundu kwa nta, weka karatasi nyeusi chini ya samani na uiache. Unga mpya ukianguka au tundu jipya likitokea, wamo.

Anachopenda bungua ni wanga ulio katika sehemu nyeupe ya mti, ile ya nje karibu na gome. Kiini cha msaji au mvule hakigusi. Ndiyo maana utaona kabati la mvule ni zima kabisa isipokuwa utepe mmoja wa kijivujivu pembeni uliogeuka unga. Kata utepe huo, gandisha kipande cha kiini badala yake, na kazi imekwisha. Mwembe na mbao nyeupe laini hazina bahati hiyo. Huko inabidi kutia dawa ubao wote.

Dawa tunayoiamini ni boraksi na asidi ya boriki. Kwa lita moja ya maji ya moto, gramu 60 za boraksi na gramu 40 za asidi ya boriki, zikorogwe mpaka ziyeyuke zote. Vikichanganywa hivyo huyeyuka vizuri kuliko kila kimoja peke yake. Paka kwa brashi mara tatu, kila mara kabla ubao haujakauka kabisa, kisha uache kivulini wiki nzima. Masharti ni mawili. Ubao uwe mtupu, kwa sababu dawa haipenyi vanishi wala rangi. Tena samani isikae mvuani, kwa sababu dawa huoshwa na maji. Vaa glavu, na chombo ulichochanganyia kisirudi jikoni.

Wapo wanaotegemea jua: samani hufungwa kwa plastiki nyeusi na kuanikwa. Joto linaua kweli, na hata kanuni ya kimataifa ya mbao za vifungashio, ISPM 15, inataka kiini cha ubao, yaani katikati yake kabisa, kifike nyuzi 56 za selisiasi kwa dakika 30. Ugumu ni hilo neno kiini. Ubao mwembamba wa sentimita 2 waweza kufika siku ya Februari isiyo na wingu. Tendegu (mguu) nene la samadari halifiki, nje kutapasuka na ndani mdudu anaendelea na maisha yake. Mafuta ya taa nayo huua anayeguswa tu, kisha hukauka, yakiacha harufu na ubao usiokubali vanishi.

Kwa mchwa wa ardhini dawa bora ni nafasi. Samani isiguse ukuta, iache sentimita 5 ili macho yapite. Miguu isimame juu ya jiwe au kikombe cha bati. Fagia nyuma kila wiki. Njia ya udongo ikionekana, usiifute tu: ifuate mpaka inakotoka.

Kiungo kilicholegea hakitibiwi kwa msumari. Msumari hupasua ulimi, hupata kutu kwa hewa ya chumvi, na kutu hiyo ikikutana na utomvu wa mti huacha doa jeusi. Fungua kiungo. Kama ni cha zamani kweli, gundi yake ni ya ngozi, nayo hulegea kwa kitambaa kilichochovywa maji ya moto na kufungwa kwa dakika 15 hivi. Gundi nyeupe ya dukani hulegezwa kwa siki ya moto, ila kwa subira. Gundi ya maji mawili, ile ya kuchanganya, huwa haifunguki bila kuvunja kitu, na kwa sababu hiyo haina nafasi kwenye samani ya thamani.

Kabla ya kubomoa kitanda, bandika kipande cha karatasi kwenye kila tendegu na kila mfumbati (ubao wa ubavuni) na uandike namba. Tazama pia ndani ya matundu. Mafundi wa zamani mara nyingi waliweka alama za patasi, mikato miwili kwenye ulimi na miwili kwenye tundu lake. Zifuate hizo kuliko macho yako, kwa sababu kila ulimi ulichongwa kwa tundu lake na hautulii katika jingine.

Kwangua gundi yote ya zamani mpaka uone ubao, maana gundi nyeupe mpya haishiki juu ya nyeupe ya zamani. Msaji una mafuta yake. Futa ulimi na tundu kwa spiriti, ngoja zikauke, gandisha ndani ya saa moja kabla mafuta hayajarudi juu. Jaribu kwanza bila gundi. Bana kwa vibanio, au zungusha kamba mara mbili na kuikaza kwa kijiti kilichosokotwa katikati, ukiweka vipande vya gunia kwenye kona. Pima pembe kwa pembe kwa utepe. Vipimo viwili vikilingana, fremu iko sawa. Wakati wa kiangazi acha saa 24, masika acha 48. Gundi ya maji haikauki kama hewa haina pa kuyapokea hayo maji.

Skrubu ziwe za shaba. Ni laini na hukatika kichwa kirahisi, kwa hiyo toboa kwanza kwa keekee, ingiza skrubu ya chuma ya ukubwa uleule ikate njia, itoe, ndipo uingize ya shaba iliyopakwa nta.

Njumu watu huzisugua mno. Ndimu na chumvi, au ukwaju uliolowekwa, huondoa weusi kwa dakika moja au mbili. Ukiacha zaidi, asidi hula zinki iliyochanganywa kwenye shaba, na shaba inageuka rangi ya waridi. Chumvi ikibaki chini ya ukingo wa njumu, masika inayofuata itaota kijani na kuchafua ubao kuzunguka. Sisi tumeacha chumvi kabisa: ukwaju mtupu kwenye kitambaa, njumu moja moja, kisha kitambaa chenye maji safi, kisha kikavu, kisha nta. Uzi wa chuma usiuguse, kwa kuwa vipande vyake vidogo hubaki kwenye mishipa ya ubao na kupata kutu. Na si lazima zing'ae. Sanduku la miaka mingi lenye njumu zinazometa kama dhahabu mpya huonekana limevaa nguo ya kuazima.

Sasa vanishi. Kabla ya kuamua chochote, jua kilichopo. Tone la spiriti mahali pa kificho: ikinata baada ya nusu dakika, ni sheleki, vanishi inayoyeyuka kwa spiriti. Isiponata, ni vanishi ya mafuta au ya plastiki. Ikiwa ni rangi ya mafuta ya miaka mingi, usiisage kwa msasa mkavu, kwa sababu rangi za zamani huwa na risasi na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Lowesha, kwangua, kusanya, tupa mbali na bustani. Magadi makali huiondoa haraka lakini hugeuza msaji na mvule kuwa mweusi, na hulegeza gundi kwenye viungo.

Kwa samani za ndani tunapenda sheleki, gramu 120 za magamba kwa lita moja ya spiriti, ikae usiku kucha na ichujwe kwa kitambaa. Nyembamba, mara nyingi, kila safari ikikauka ndipo nyingine. Lakini sheleki na masika haviivi chungu kimoja. Spiriti inapokauka hupoza uso wa ubao, unyevu wa hewa hutua juu yake, na yote hugeuka ukungu mweupe. Ikitokea, usikwangue: ngoja siku kavu, pitisha kitambaa chenye spiriti kidogo sana, ukungu huondoka. Paka kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri, na bora zaidi paka Januari au Februari. (Wenye kupenda historia wakumbuke kwamba vanishi nyingi za Marekani za karne ya 19 zilipikwa kwa sandarusi (utomvu mgumu wa mti) iliyopitia bandari ya Zanzibar. Leo vanishi inakuja kwa kopo kutoka huko nje.)

Mafuta ya nazi yaache kwa nywele na chakula. Hayakaukii ubaoni. Hunata vumbi, hunuka, huita sisimizi. Mafuta ya kitani hukauka, ila katika unyevu wetu huota kuvu kama ukipaka mazito, na matambara yake yaliyokunjwa yanaweza kuwaka moto yenyewe. Yaanike yakiwa yamekunjuliwa nje mpaka yakauke na kuwa magumu, ndipo uyatupe. Juu ya yote inakuja nta: gramu 100 za nta ya nyuki, mililita 200 za tapentaini. Yeyusha nta kwenye bakuli ndani ya sufuria ya maji ya moto, epua, zima moto kabisa, ndipo umimine tapentaini na kukoroga mpaka ipoe. Paka kidogo, ngoja robo saa, sugua kwa kitambaa cha pamba.

Viti vya henzerani vilivyolegea havihitaji kusukwa upya kila mara. Geuza kiti, lowesha suka kwa upande wa chini, maana upande wa juu una ngozi inayong'aa isiyopitisha maji, kisha anika kivulini bila kukalia siku mbili. Ikikauka hujikaza. Iliyokatika ndiyo ya kusuka upya. Loweka henzerani dakika 20 kwenye maji ya kawaida, si ya moto, na uivute katika safari sita: mbele kwenda nyuma, kushoto kwenda kulia juu yake, mbele kwenda nyuma tena, kushoto kwenda kulia safari hii ikisukwa, na mwisho mishazari miwili, mmoja ukipita juu ya jozi na mwingine chini. Usikaze mno. Ikikauka itajikaza yenyewe, na iliyokazwa mno hukata fremu.

Kitanda cha kamba ni rahisi kuliko kinavyotisha. Usumba (nyuzi) wa makumbi yaliyozikwa ufukweni ni imara kwa unyevu na chumvi, ila hurefuka. Kwa hiyo kabla ya kuwamba, funga kamba kati ya minazi miwili, ning'iniza jiwe katikati, uiache siku nzima. Hata hivyo baada ya mwezi wa kulaliwa itabidi uikaze tena kuanzia miguuni.

Mwaka, basi, hujigawa wenyewe. Kaskazi, Desemba hadi Februari, ni wakati wa sheleki na nta. Masika ni wakati wa kuacha mbao na kushika jembe. Kipupwe hurudisha randa na gundi, na vuli hurudisha mbegu. Anayepigana na mpangilio huu hulipa mara mbili, ubaoni na shambani.

Kinachounganisha karakana na bustani ni maranda, na ndiyo ambayo watu huharibu nayo bustani. Yenye vanishi, rangi au boraksi hayaingii shambani kamwe. Yale safi yakifukiwa mabichi hunyonya naitrojeni yote ya udongo yanapooza, na mchicha unageuka njano. Yatandaze juu ya njia za kupitia, au yaoze kwanza: debe moja la maranda kwa madebe matatu ya samadi mbichi, yageuzwe kila wiki mbili, yalindwe na mvua kubwa. Yako tayari usipoyatambua tena.

Magharibi ya Unguja kuna udongo mzito wa kina. Mashariki na kusini ni mawe ya matumbawe, na udongo uko kwenye mifuko ya mawe. Shimo la mti huko huchimbwa kwa mtaimbo, sentimita 60 kila upande na 60 kwenda chini. Kabla ya kujaza, mimina ndoo mbili za maji. Kama kesho yake bado yamo, vunja mwamba zaidi au uhame. Tandika makumbi chini, uwazi ukitazama juu, yashike maji. Shimo hilo humeza madebe kumi ya lita 20: manne ya udongo, manne ya mboji, mawili ya samadi iliyoiva.

Udongo wa matumbawe ni wa chokaa, na humo mdimu au asmini hutoa majani machanga ya njano yenye mishipa ya kijani. Madini ya chuma yamo, lakini chokaa imeyafungia. Mazoea ni kumwaga majivu, na majivu huzidisha ugonjwa uleule. Vifusi vya kuta za chokaa kwenye nyua za mjini hufanya hivyo pia. Kinachosaidia ni mboji nyingi mwaka baada ya mwaka, na kwa haraka, chuma cha kiwandani chenye alama EDDHA kwenye pakiti. Chenye alama EDTA ni rahisi zaidi lakini hakidumu kwenye udongo wa aina hii, ni fedha ya kutupa.

Maji ya kisima karibu na pwani hupata chumvi kiangazi kinapozidi. Kingo za majani zikiungua, ni hiyo. Kipimo kidogo cha umeme wa maji kitakuambia zaidi ya ulimi: chini ya 700 (mikrosiemens kwa sentimita) mwagilia chochote, kati ya 700 na 3,000 chagua mimea, juu ya 3,000 acha. Wanaovumilia ni mnazi, mkungu, mkomamanga na spinachi. Maharage, mdimu, mparachichi na karoti hawawezi. Mwagilia kwa nafasi lakini kwa wingi, ili maji yasukume chumvi chini ya mizizi. Kunyunyiza kidogo kila jioni ndiko kunakoirundika juu. Na kinga mvua: bati la mita 50 za mraba, mvua ya milimita 10, ni karibu lita 500.

Mwani uliotupwa na bahari ni mbolea nzuri. Utandaze kwenye mwinuko masika yote uoshwe chumvi, kisha uingie kwenye mboji. Ule uliofungwa kwenye kamba majini ni mali ya mtu, mara nyingi ya mwanamke anayeamka na maji kupwa kuuhudumia. Usiguswe hata ukionekana umelegea.

Tungule (nyanya) zina msimu mmoja mzuri. Usiku ukizidi nyuzi 24 hivi, maua mengi huanguka bila kufunga. Kwa hiyo panda mbegu kitaluni kati ya mwisho wa Aprili na Mei, chini ya kivuli cha makuti mvua isizipige, hamisha Juni kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 45, na zitazaa katika baridi ya kipupwe. Mche ukinyauka ghafla ungali kijani, kata shina karibu na ardhi na ulisimamishe kwenye bilauri ya maji safi. Nyuzi nyeupe za maziwa zikishuka, ni mnyauko wa bakteria. Hakuna dawa. Ng'oa, choma, na hapo usipande tungule, biringani wala pilipili kwa misimu kadhaa. Panda mahindi, bamia au mchicha. Wadudu wa majani wanapungua kwa mwarobaini: gramu 500 za kokwa zilizomenywa na kutwangwa, zilale kwenye lita 10 za maji usiku kucha, chuja, tia kijiko cha sabuni, piga jioni maana jua huiua nguvu.

Kunguru wa India, walioletwa mwishoni mwa karne ya 19 eti wale taka za mji, hung'oa miche kwa mchezo tu. Nyavu kuukuu za wavuvi zilizotandazwa sentimita 40 juu ya kitalu zinatosha, zikikazwa sawasawa asinaswe mjusi. Konokono wakubwa waokotwe kwa tochi usiku baada ya mvua. Chumvi wanayowamwagia wengine hubaki kwenye udongo muda mrefu baada ya konokono kusahaulika.

Kwa wanaoishi karibu na msitu wa Jozani kuna mgeni wa aina yake, kima punju, ambaye hapatikani kwingine duniani ila Zanzibar na analindwa kisheria. Hula majani machanga ya mkungu na mwembe, ambayo yana sumu kidogo, kisha hutafuta makaa ya kutuliza tumbo. Huyo hafukuzwi kwa mawe. Mti upande mbali na paa, na gunia la makaa lifungwe.